Makosa Kumi na Moja ya Bata Mzinga

Jumamosi, tarehe tatu Mei. Asubuhi ukungu ulilala juu ya majani chai mpaka saa nne, halafu jua likatoka kali kama mtu aliyechelewa kazini, na saa tisa ikaja mvua ya haraka, ikapiga mabati, ikaenda zake. Sasa jua limezama, Sabato imekwisha, ndiyo nimeshika kalamu. Nyumbani tunasema Kigusii, lakini daftari hili ni la Kiswahili tangu nilipolianza, kwa sababu mwalimu wa darasa la saba, ambalo ndilo lilikuwa la mwisho kwangu, aliwahi kusifu insha yangu mbele ya wenzangu na mpaka leo sijasahau. Nikikosea mahali nisamehewe.

Nataka kuandika habari ya kuku na ya mama mkwe. Nitaanza mwanzo, na nitajaribu kutompendelea mtu. Wala ndege.

Mama aliishi Marani peke yake tangu baba mkwe afariki. Mwezi wa pili aliteleza kwenye shamba la ndizi, nyonga ikagonga jiwe, akalala pale chini akiita mpaka watoto waliokuwa wakitoka shule wakamsikia. Mume wangu alipopata habari hakula siku hiyo. Yeye ni fundi wa mbao, ana kibanda soko la Nyamache anatengeneza vitanda. Basi kwa muda mrefu hakutengeneza kitanda cha mtu yeyote. Alijenga nyumba ya vyumba viwili hapa kwetu Nyacheki, kando ya nyumba yetu, maana kwetu mama halali ndani ya nyumba ya mwanawe, hata mvua inyeshe namna gani.

Mama akakubali kuja, lakini kwa sharti.

"Nitakuja na kuku zangu," alisema. "Zikitulia wiki tatu, nami nimetulia. Zikikataa, utanirudisha kwangu, na usinibembeleze."

Mume wangu akacheka. "Mama, wewe unaongozwa na kuku?"

"Kuku hadanganyi. Mtu anaweza kunichekea na huku amenichoka. Kuku akichukiwa mahali anakonda, kila mtu anaona."

Mimi sikucheka. Kuku hao ni uzao wa kuku aliyepewa na mama yake alipoolewa, na Mama si mtu wa kutishia. Akisema hivi, ni hivi. Na mimi nilitaka abaki. Si kwa sababu ya nyonga tu. Mama yangu mzazi alikufa nikiwa mdogo, na nilipoolewa sikujua kusonga ugali wa wimbi, ulikuwa unatoka na madonge kama changarawe. Mama alikuwa anafunga mlango wa jikoni, anashika mwiko pamoja nami, na nje hakumwambia mtu hata mmoja. Ni yeye peke yake anayeniita "mwanangu" bila kufuatisha ombi.

Walifika Jumapili, tarehe kumi na tatu Aprili, kwa pikapu ya kukodi. Mama alikaa mbele na jogoo wake mweupe mapajani. Nyuma kulikuwa na matenga mawili, kuku watano, na mmoja wao ni wa shingo tupu, yaani amezaliwa bila manyoya shingoni, ana sura ya mzee aliyesahau skafu. Kwetu kulikuwa na kuku saba, jogoo mwekundu, bata watatu, na bata mzinga mmoja dume. Huyo wa mwisho nilipewa na jirani yangu. Jirani ni mtu wa kutoka upande wa ziwa, anafanya kazi ya ofisi mjini Nyamache, na ua wake na wetu vinatenganishwa na uzio wa michongoma tu. Alinipa ndege huyo akiwa kifaranga, na tangu hapo humwita mtoto wake.

Kosa la kwanza lilikuwa langu. Nilimwaga mahindi katikati ya uwanja, fungu moja kubwa, nikafungua matenga mchana kweupe. Niliwaza watakaribishana kwa chakula, kama watu. Loo! Manyoya yaliruka mpaka kwenye kamba ya nguo. Bata walikimbilia chini ya mkokoteni wa mbao wa mume wangu, majogoo wakapandana vichwani, na yule wa shingo tupu akaingia jikoni akajificha ndani ya sufuria.

Jirani alichungulia juu ya uzio. "Jirani, mmeanza mkutano wa siasa?"

"Ni wageni," nikasema.

"Wageni wanapokelewa hivyo? Basi mimi nikija nitakuja na kofia ya chuma."

Mama akainama. Aliokota manyoya meupe mawili, akayatia mfukoni.

Jioni ile mume wangu akagawa uwanja kwa wavu wa waya, akaweka na kigeti katikati, ili waonane kwa wiki moja bila kugusana. Mama aliikubali hiyo. "Hata wachumba huonana kwanza kwa mbali," alisema. Niliweka vyombo vya maji pande zote mbili. Nikatundika mafungu ya sukuma wiki kwenye waya, wadonoe huku na huku, wazoee kula wakitazamana. Mume wangu akaleta mbao za vichwa vya vitanda vilivyoharibika, tukaziegemeza hapa na pale, ili anayefukuzwa apate mahali pa kupotelea. Wiki hiyo ilipita vizuri, sina lawama nayo.

Wiki ya pili tukaanza kufungua kigeti asubuhi na kukifunga jioni. Na hapo ndipo nilipojifanya hakimu.

Nilikata fimbo ndefu ya mwanzi nikaifunga kitambaa mbele, ili nitenganishe bila kuumiza. Nilichora mistari kwenye daftari kwa rula, upande wa kushoto "Kwetu", upande wa kulia "Kwa Mama". Kila wakigombana nakimbia, natenganisha, naandika aliyeanza. Nilikuwa mkali zaidi kwa wa kwetu, naomba ieleweke. Niliogopa mtu aseme mke amewaacha kuku wake wawapige kuku wa mama mkwe. Halafu nikaona naonea wa kwetu, nikarudi kuhesabu upya. Chai iliungua mara mbili. Kwenye majani chai nilikuwa naenda na kikapu kitupu na kurudi na kikapu nusu, maana masikio yangu yalibaki uwanjani.

Siku ya tatu ilinibidi nichore safu nyingine, ya bata mzinga. Kila nilipofika kwenye ugomvi, nilimkuta katikati. Amejifura, mkia umefunguka kama mwavuli, kichwa kimekuwa chekundu halafu cha buluu, anatoa ile sauti yake ya maji yanayotoka kwenye chupa. Alikuwa mkubwa kuliko wote, na yupo kila mahali. Nikawaza, mchochezi ndiye huyu. Nikaandika kosa la kwanza, la pili, mpaka la kumi na moja. Jumatatu ya wiki hii nikamsomea yote kumi na moja mbele ya mume wangu, nikamfunga mguu kwa kamba ya katani chini ya mparachichi, na maji na chakula karibu, sikumnyima.

"Una hakika?" mume wangu akauliza.

"Iko hapa imeandikwa."

"Kweli. Lakini hata aliyeandika ni wewe."

Nilinuna. Sasa naona lilikuwa swali la haki.

Jirani naye hakuninyamazia. Kila akirudi kazini alisimama kwenye uzio. "Mtoto wangu amefungwa bila wakili, bila dhamana! Hata mahabusu hupewa gazeti!"

"Ana makosa kumi na moja."

"Uliyashuhudia?"

"Nilimkuta papo hapo."

"Hata mganga hukutwa kwa mgonjwa, jirani."

Tulicheka sana, na mimi nikaenda zangu bila kuyafikiria hayo maneno. Ndiyo tabia yangu: likisemwa kwa mzaha linanipita.

Baada ya kumfunga, mambo hayakupoa. Yalichemka. Nilikuwa nakimbia na fimbo tangu asubuhi. Jogoo mweupe alitoka damu kwenye kishungi, na kuku wakiona chekundu ndiyo wanazidi kudonoa, kwa hiyo nikampaka masizi ya sufuria. Nikawapaka na wengine watatu ambao hawakuumia, ili asionekane peke yake. Yule wa shingo tupu alikaa nyuma ya choo kutwa, chakula nilimpelekea kwenye kifuniko. Kuku wa Mama hawakuwa wametaga hata yai moja tangu wafike. Niliwanyanyua mmoja mmoja. Walikuwa wepesi.

Mama aliwanyanyua pia. Sikumwona, lakini jana Ijumaa nilipompelekea uji, begi lake kubwa lilikuwa wazi sakafuni na nguo zimekunjwa ndani vizuri, vitenge chini, sweta juu.

"Mwambie mwanangu aite ile pikapu," alisema. "Jumapili asubuhi, kabla barabara haijawa tope."

"Mama, bado siku mbili."

"Siku mbili kuku atanenepa?" Akanishika mkono. "Si wewe, mwanangu. Umejitahidi mpaka umekonda wewe badala ya kuku. Mahali pamekataa tu."

Nikapika chakula cha Sabato kabla jua halijazama, managu, ile mboga yetu chungu, nikayalaza kwenye maziwa, maharagwe nikayachemsha, na sikumbuki nilitia chumvi mara ngapi.

Leo asubuhi Mama alisema nyonga inamsumbua, haendi kanisani. Nikaingiwa na wasiwasi. "Na wakigombana, nani ataamua?"

"Leo ni Sabato. Hata mwamuzi apumzike."

Nilifunga kigeti mwenyewe, nikakivuta mara mbili kuona kama kimeshika, tukaenda. Sitasema uongo, mahubiri sikuyasikia. Tuliposimama kuimba nilikuwa ubeti wa pili na wenzangu wa tatu. Niliomba nikiwa nimefumba macho, na niliyoyaona ni kuku mwenye shingo tupu nyuma ya choo.

Tulirudi saa tisa na mvua mgongoni. Nilipofika mlangoni mwa boma nikasimama. Uwanja ulikuwa kimya. Nimezoea wiki mbili za kelele. Nikamwambia mume wangu, "Wamekwisha."

Tukaingia. Kigeti kilikuwa wazi kabisa. Chini ya mparachichi kamba ilikuwa inaning'inia, haina mguu. Mama alikuwa kwenye kiti kidogo barazani kwake, anamenya ndizi. Na chini ya ukingo wa mabati, wakikimbia mvua, walikuwa wamejipanga kuku wote, wa kwetu na wake, mweusi kifuani mwa mwekundu, bata mbele wakifurahia matone. Jogoo mwekundu upande huu, jogoo mweupe upande ule, na katikati yao, amelala amekunja shingo kama bibi harusi aliyechoka, bata mzinga.

"Nani amemfungua?" nikauliza.

"Mimi," Mama akasema. "Maandiko yanasema ng'ombe hufunguliwa siku ya Sabato akanywe maji, na punda pia. Nikamtazama yule, nikajiuliza, huyu kosa lake ni lipi lililozidi punda?"

"Na kigeti?"

"Kigeti nilifungua kwa sababu kesho zingeingia kwenye matenga. Nilitaka ziage zikiwa huru."

Mume wangu aliketi kwenye ngazi na viatu vyake vya kanisani vyenye tope. "Hazikupigana?"

"Zilipigana! Mnadhani nilifuga njiwa?" Mama akaweka kisu chini, na hapo ndipo alipotusimulia, kwa mikono yote miwili. Majogoo walirukiana mara tu kigeti kilipofunguka. Yeye akasema moyoni, nyonga hii siwezi kukimbia, wacha Mungu aone. Lakini bata mzinga alikuwa ametoka chini ya mti ananyoosha mguu. Aliposikia ugomvi alikuja, haraka haraka, akaingia katikati na kifua mbele. Hakudonoa mtu. Alisimama tu. Jogoo huyu akizunguka kushoto, naye anageuka kushoto. Yule akija kulia, anakuta mkia.

"Kama mzee wa kanisa kwenye kesi ya ndoa," Mama alisema. "Hasemi kitu, na haondoki. Mwishowe waliona aibu, wakaanza kudonoa majani kana kwamba ndiyo walikuja kutafuta."

Kuku wangu saba walipomzunguka yule wa shingo tupu, bata mzinga akaja tena. Kuku jike mwekundu wa kwetu na mweusi wa Mama walipoanza, alitazama kwa mbali tu, akawaacha.

"Hao nao walifanyaje?" nikauliza.

"Walimaliza. Nilimenya ndizi mbili, mweusi akainamisha kichwa, mwekundu akajikung'uta, basi. Wakaenda kunywa maji chombo kimoja." Akanitazama, na macho yake yalikuwa yanacheka. "Mwanangu, nikuambie bila kukuumiza? Wewe ulikuwa unawatenganisha kabla hawajajua mkubwa ni nani. Kwa hiyo kila siku asubuhi walianza upya. Hiyo fimbo yako haikuwanyima kipigo. Iliwanyima mwisho."

Nilikwenda ndani nikaleta daftari. Nikasoma nikiwa nimesimama. Siku ambazo bata mzinga alikuwa huru, magomvi sita, saba, matano. Siku tano alizofungwa, kumi na mawili, kumi na matano, na Ijumaa kumi na tisa. Mwandiko ni wangu. Nilikuwa nimejumlisha chini ya kila siku na kupiga mistari miwili, na sikuwahi kusoma jumla ya leo pamoja na jumla ya jana. Makosa yote kumi na moja niliyomwandikia, ni mara kumi na moja alizotangulia kufika kabla yangu.

Mume wangu alisoma begani kwangu. Alijizuia, akajizuia, kisha akashindwa. "Umemfunga polisi," akasema, "ukawaachia soko wezi!" Akacheka mpaka akashika nguzo. Mama naye akaanza, huku ameshika nyonga na kusema acheni, acheni, inauma. Na mimi nikacheka, ingawa masikio yalikuwa ya moto.

Mvua ilipokatika nilichukua mahindi kiganjani nikaenda kwa bata mzinga. Sijui kama ndege anaelewa, lakini nilimwambia nilikosea. Alidonoa kiganja kwa nguvu mno. Nilihesabu hiyo kuwa ni haki yake.

"Nimeona!" sauti ikatoka kwenye uzio. Jirani alikuwa pale, mwavuli begani. "Mtoto wangu ametoka! Nani alimtetea?"

"Mama."

"Asante, Mama! Sasa tunataka fidia."

"Njoo kesho ule," Mama akamjibu kwa sauti kubwa. Halafu akarudi kumenya ndizi zake, maana kesho ndiyo siku ya pikapu na wote tuliikumbuka kwa pamoja.

Nikatawanya chakula mahali pane, si fungu moja, nikakaa juu ya mikono yangu nisishike fimbo. Niandike ukweli: si kwamba ni mbinguni. Kuku jike mwekundu alimdonoa wa shingo tupu mara moja, na jogoo mweupe bado anatembea akijitazama. Lakini walikula. Halafu nikaona wa shingo tupu hayupo. Si nyuma ya choo, si chini ya mbao.

Tulimtafuta wote watatu. Mama ndiye aliyeita, kutoka chumbani kwake, sauti ndogo.

"Njooni. Polepole."

Begi lilikuwa sakafuni bado wazi, kama jana. Ndani yake, juu ya sweta, amekaa yule kuku. Alikuwa amevuta kitenge kimoja kikawa ukingo. Alitutazama kwa jicho moja, akatutazama kwa la pili, akainuka taratibu kama mtu anayetoka kwenye kiti chake, akapita katikati ya miguu yetu akipiga kelele za kutangaza. Yai lilikuwa dogo, la rangi ya chai ya maziwa, na lilikuwa na joto.

Mama aliliweka kwenye kiganja, akaligusisha shavuni. Kisha akalirudisha palepale kwenye sweta.

"Mama, tulipike?" mume wangu akauliza.

"Ukitoa yai la kwanza atahama. Litakaa hapo limwite kesho." Akaanza kuchomoa vitenge kutoka chini ndani ya begi, kimoja kimoja, bila kutikisa. "Nipigilie misumari ukutani, kesho, mitano. Sina tena mahali pa kuweka nguo."

"Na pikapu?"

"Pikapu ya nini? Nitasafirije, na begi lina mwenyewe?"

Mume wangu alitoka nje kupiga simu, lakini hakupiga mara moja. Nilimwona amesimama kwenye uwanja, mikono kiunoni, anawatazama ndege.

Kamba ya katani nimeifungia fimbo ya mwanzi, na vyote viwili nimeviweka juu ya dari la jikoni. Kwenye safu ya bata mzinga nimepiga mstari kwa rula juu ya yale kumi na moja, lakini sikufuta, ili nami nisisahau.

Jioni tumekula ugali wa wimbi, managu yaliyolala kwenye maziwa tangu jana, na maharagwe, ambayo kweli yalikuwa na chumvi mara mbili. Ndizi za Mama tumezichemsha juu yake. Kuku hatukula. Ugali niliusonga nikiwa nafikiria mengine, ukatoka na madonge, na Mama aliyasukuma yote upande wake wa sahani, akayala, akaomba aongezewe.